Kuku mzima, mlaji mgonjwa: nani atalipia virusi vinavyoua salmonela?

Watafiti wa Nairobi na Kampala wamepata, ndani ya uchafu wa mabanda yetu wenyewe, virusi vinavyoua bakteria waliokwisha kuzoea dawa. Kazi ngumu sasa imehamia kwenye kaunta ya agroveti, kwenye maabara ya kaunti na kwenye mfuko wa mfugaji.

Simama nusu saa kwenye kaunta ya agroveti siku ya soko, popote kati ya Kiambu na Machakos, na utaona ugonjwa ukielezwa kwa mikono. Mteja anashusha mabega na kusinzisha macho: kuku wamejikunyata hivi, mabawa yameanguka. Wanahara, wengine uharo mweupe, wengine wa kijani. Jana walikufa wanne, leo saba.

Muuzaji, ambaye kila mteja humwita "daktari" hata kama alisomea uhasibu, hahitaji kusikia zaidi. Anateremsha pakiti ya oksitetrasaiklini, pengine na kichupa cha enrofloksasini ili mteja asirudi na lawama, anaeleza ni vijiko vingapi kwa lita ngapi za maji, anapokea pesa. Hakuna aliyemwona kuku, na swali la ni kimelea gani halikupita kinywani mwa yeyote.

Safari nyingine dawa hiyo hufanya kazi. Safari nyingine ndege wana kideri, ambacho huletwa na virusi, na antibiotiki haina la kufanya hapo hata ukiimimina kwa ndoo. Na safari nyingine ni bakteria kweli, dawa iliyotolewa ndiyo iliyoandikwa vitabuni, lakini bakteria mwenyewe ameshaizoea. Kuku wanaendelea kufa, na mfugaji anarudi kununua dawa kali zaidi.

Hali hii ya tatu ndiyo iliyowafanya wanasayansi wafukue tiba iliyobuniwa zaidi ya karne moja iliyopita: kutumia virusi viitwavyo bakteriofaji, au faji kwa kifupi, ambavyo chakula chao ni bakteria tu.

Ramani yenye wekundu mpya

Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha uchambuzi wa vipimo vya mifugo vilivyokusanywa katika nchi zinazoendelea kati ya 2000 na 2018. Kwa upande wa kuku, sehemu ya dawa zilizokuwa zikishindwa katika zaidi ya nusu ya vipimo ilipanda kutoka asilimia 15 hadi asilimia 41. China na India ndizo zilizokolea wekundu kwenye ramani ya usugu. Brazil na Kenya zilitajwa kuwa maeneo mapya yanayochipuka.

Uchambuzi huohuo ulirudia kadirio ambalo husahaulika kila tunapowalaumu wagonjwa wasiomaliza dozi: takriban asilimia 73 ya dawa zote za kuua vimelea zinazouzwa duniani huenda kwa mifugo.

Kisa cha kolistini kinaonyesha jinsi zizi na wodi vinavyogusana. Hiyo ni dawa ya zamani ambayo hospitali huiweka akiba kwa mgonjwa ambaye nyingine zote zimemshinda. Wakati huohuo ilikuwa ikichanganywa kwenye chakula cha nguruwe na kuku ili wanenepe. Mwishoni mwa 2015 watafiti wa China walitangaza kwamba wamegundua jeni, mcr-1, inayompa bakteria kinga dhidi ya kolistini na inayoweza kuruka kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. China iliiondoa dawa hiyo kwenye vyakula vya mifugo mwaka 2017. India ikafuata kwa kuipiga marufuku kwa wanyama wa chakula mwaka 2019.

Katika mwaka huo wa 2019, kwa makadirio yaliyotolewa na jarida la Lancet mwanzoni mwa 2022, watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu bakteria waliowashambulia walikuwa sugu kwa dawa. Mzigo mzito zaidi, kwa kulinganisha na idadi ya watu, ulikuwa Afrika kusini mwa Sahara. Watanzania wana kifupi chao cha tatizo hili, UVIDA (usugu wa vimelea dhidi ya dawa), na kimeandikwa kwenye mabango ya zahanati nyingi. Kwenye mabanda ya kuku bado hakijazoeleka.

> Takriban asilimia 73 ya dawa za kuua vimelea zinazouzwa duniani hutumika kwa mifugo.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa kuku

Mwingereza Frederick Twort aliona dalili za virusi hivi mwaka 1915, akaandika, kisha vita na ukosefu wa fedha vikamkatiza. Mwaka 1917 Félix d'Hérelle, aliyekuwa Taasisi ya Pasteur jijini Paris, aliviona upya katika kinyesi cha askari waliougua kuhara damu. Yeye hakuishia kwenye kuandika.

Mwaka 1919 mashamba ya Ufaransa yalikuwa yakipoteza kuku kwa homa ya matumbo ya ndege, ugonjwa unaoletwa na Salmonella Gallinarum na ambao wafugaji wa huku kwetu wanaujua vizuri. D'Hérelle alichukua kinyesi cha kuku, akatoa humo virusi vilivyomla bakteria huyo, akawapa kuku wa mashamba yaliyoathirika. Vifo vilipungua. Agosti mwaka huohuo, katika hospitali ya watoto jijini Paris, alimpa mvulana wa miaka 12 aliyekuwa na kuhara damu dawa ya aina hiyohiyo, baada ya yeye mwenyewe na madaktari wenzake kuinywa kwanza ili kuona kama ina madhara. Mtoto alipona.

Kwa hiyo tiba hii ilipita bandani kabla ya kuingia wodini. Ni jambo la kukumbuka kila linapotangazwa kuwa uvumbuzi mpya.

Mwaka 1923 ilianzishwa Tbilisi, Georgia, taasisi ambayo leo inabeba jina la George Eliava, rafiki wa d'Hérelle, aliyeuawa na utawala wa Stalin mwaka 1937. Taasisi ilidumu, na madaktari wa sehemu ile ya dunia hawakuwahi kuziacha faji. Kwingineko ziliachwa. Penisilini ilipofika sokoni miaka ya 1940, ilikuja na sifa ambayo faji haikuwa nayo: haikumdai daktari ajue anapigana na nani. Isitoshe, dawa nyingi za faji zilizouzwa Ulaya na Marekani kabla ya hapo zilikuwa za ovyo, chupa nyingine hazikuwa na kirusi hai hata kimoja.

Juya na mshipi

Antibiotiki ni juya. Linakokota kila kilichomo majini, samaki aliyetakiwa na asiyetakiwa, pamoja na wale bakteria wema wa utumbo wanaomsaidia kuku kusaga chakula na kujikinga. Faji ni mshipi wenye chambo cha samaki mmoja tu.

Umaalumu huo unatokana na jinsi faji inavyoshika windo lake. Nyingi zina kichwa kilichobeba vinasaba na mkia wenye nyuzi ndogo. Nyuzi hizo hunasa umbo fulani tu kwenye ngozi ya bakteria. Umbo lisipokuwepo, faji hupita kama haikuona kitu. Likiwepo, mkia hutoboa, vinasaba huingia, na mitambo ya bakteria hugeuzwa karakana ya kutengeneza faji nyingine. Baada ya nusu saa hivi, mara nyingine pungufu, bakteria hupasuka na makumi au mamia ya faji mpya hutoka kutafuta windo. Seli za kuku hazina umbo hilo, wala za binadamu hazina.

Antibiotiki hupungua mwilini kila saa inayopita. Faji huongezeka maadamu adui yupo, na akiisha nazo hupungua. Hapo ndipo mvuto wake ulipo.

Hata hivyo si kila faji inafaa. Kuna zinazoingia ndani ya bakteria na kutulia, zikajishona kwenye vinasaba vyake bila kumuua, na wakati mwingine humwachia zawadi mbaya. Sumu ya kipindupindu, kwa mfano, bakteria wake aliirithi kutoka kwa faji. Ndiyo maana maabara yoyote makini husoma vinasaba vyote vya faji kabla ya kuiita dawa, ikitafuta jeni za sumu, za usugu na za kujishona. Ikizikuta, hutupa.

Kutoka kwenye kinyesi hadi kwenye kichupa

Kwenye kampasi ya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI), upande wa Kabete jijini Nairobi, kundi la watafiti limekuwa likifanya kazi hii kwa salmonela wa kuku. Wameshirikiana na Profesa Sylvain Moineau wa Chuo Kikuu cha Laval, Kanada, anayesimamia hazina ya faji iliyopewa jina la d'Hérelle. Fedha zilitoka katika mpango wa pamoja wa kituo cha utafiti wa maendeleo cha Kanada, IDRC, na serikali ya Uingereza.

Kazi yenyewe huanza bila madoido. Mtafiti huchota kinyesi, maranda ya bandani au maji ya mtaro, huyachanganya na supu ya kukuzia bakteria pamoja na salmonela anayelengwa, kisha huacha usiku kucha. Kama humo kulikuwa na faji hata chache, zitakuwa zimeongezeka. Mchanganyiko hupitishwa kwenye chujio lenye matundu madogo kiasi kwamba bakteria hapiti. Majimaji yaliyochujika hudondoshwa kwenye sahani iliyofunikwa na zulia la salmonela. Kesho yake, palipo na faji pana doa safi lisilo na kitu.

Doa moja huchotwa, hukuzwa tena, husafishwa, vinasaba vyake husomwa. Kisha faji hujaribiwa dhidi ya salmonela wengi waliotoka mashamba mbalimbali, maana inayoua bakteria wa banda moja huenda isimguse wa banda la jirani. Zenye uwezo tofauti huchanganywa kwenye kichupa kimoja ili bakteria akijibadilisha kuikwepa ya kwanza, akutane na ya pili.

Mtihani uliofuata ni njia ya chakula. Dawa ya kunywesha kuku lazima ipite tumbo la mbele na firigisi, ambako kuna tindikali kali, kabla ya kufika utumbo mpana ambako salmonela hujificha. Mwaka 2022 kundi la ILRI lilichapisha katika jarida la Viruses matokeo ya faji zilizopatikana katika mashamba ya kuku ya Kenya, zikiwa zimewekwa katika mazingira yanayoiga tumbo hilo. Zilistahimili, lakini kwa muda. Kadiri zilivyokaa kwenye tindikali ndivyo zilivyozidi kupungua. Kwa mtaalamu wa kutengeneza dawa hiyo ni taarifa ya kazi: huenda zikahitaji kuchanganywa na kitu cha kupunguza tindikali, au kuvikwa ganda linaloyeyuka mbele ya safari.

Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, nacho hakikulala. Mwaka 2020 watafiti wake walichapisha katika PLoS One kazi kuhusu faji zinazoua E. koli waliotolewa kwa kuku wagonjwa wa Uganda, wale wanaoleta ugonjwa wa mifuko ya hewa na kumaliza vifaranga wa nyama wakiwa na wiki chache.

> Faji huongezeka maadamu adui yupo, na akiisha nazo hupungua.

Matokeo mazuri, kwa masharti

Je, zinafanya kazi ndani ya kuku aliye hai? Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu lina masharti, na masharti hayo ndiyo yanayofaa kusomwa na yeyote anayetaka kuwekeza.

Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2007 liliwapa kuku wa nyama faji dhidi ya aina tatu za salmonela. Kwa Enteritidis, idadi ya bakteria katika utumbo ilishuka zaidi ya mara 10,000 ndani ya saa 24. Kwa Typhimurium ilishuka zaidi ya mara 100. Kwa Hadar hakukuwa na tofauti ya maana. Kuku walikuwa wa aina moja na maabara ilikuwa moja, lakini kila faji ilitoa jibu lake.

Njia ya kuipeleka dawa nayo ina uzito. Huko Arkansas, Marekani, watafiti wa idara ya kilimo waliokuwa wakipambana na E. koli wa mapafu waligundua kwamba faji ikitiwa kwenye maji ya kunywa haikuwaokoa kuku, ilhali ikipuliziwa kama mvuke au ikidungwa iliwakinga. Sababu iko wazi: ugonjwa uko kifuani, maji yanakwenda tumboni. Lakini hebu mfikirie mfugaji mwenye kuku 500 akiambiwa amdunge sindano kila mmoja.

Kisha kuna suala la wakati. Katika majaribio mengi bakteria hushuka ghafla, halafu baada ya siku kadhaa waliobaki huanza kupanda tena. Ndiyo maana wanasayansi wengi hushauri kumpa kuku wa nyama faji siku chache tu kabla ya kuchinjwa, ili nyama itoke safi, badala ya kumpa tangu kifaranga.

Na hapo ndipo hesabu ya fedha inapochanganyikana na hesabu ya bakteria.

Mfugaji anapata nini?

Salmonela wa kuku wamegawanyika makundi mawili yasiyofanana kwa tabia. Gallinarum na Pullorum huua kuku na ni nadra kumsumbua mtu. Enteritidis na Typhimurium hufanya kinyume: kuku mkubwa huwabeba bila dalili, anataga, ananenepa, anauzwa kwa bei nzuri, na madhara hujitokeza kwa aliyekula yai bichi au kukata kachumbari kwenye ubao uliotoka kukatiwa kuku.

Faji nyingi zinazochunguzwa leo, hizo za Nairobi zikiwemo, zinalenga kundi hili la pili, kwa sababu lengo ni afya ya walaji. Ni lengo jema. Lakini mwambie mfugaji wa Thika anunue dawa ya kumtibu kuku ambaye haumwi, ili mtu asiyemjua kule mtaa wa Umoja, Nairobi, asiharishe, kisha umsikilize atakavyokujibu. Hatakuwa mtu mbaya. Bei ya chakula cha kuku ndiyo inayomla, na faida ya ziada kwenye trei ya mayai ni ndogo mno kubeba afya ya jiji zima.

Hoja hii husikika mara chache kwenye makongamano, ambako maneno hutawaliwa na vinasaba na michoro ya sahani. Mimi naiona ndiyo kiini cha mambo. Antibiotiki ilienea bandani kwa sababu mfugaji aliiona faida yake siku ya tatu, kuku wakianza kusimama. Faji ya Enteritidis haimwonyeshi chochote.

Kwa hiyo kuna makundi mawili ya wateja ambao kwao hesabu inaweza kukubali. La kwanza ni kampuni zinazototoa vifaranga na zile zenye makundi ya wazazi, ambako kuku mmoja mwenye maambukizi anaweza kuyasambaza kwa maelfu ya vifaranga katika kaunti kadhaa. La pili ni machinjio makubwa yanayouzia hoteli na maduka makuu, ambako mnunuzi anaweza kudai cheti cha nyama isiyo na salmonela na akakubali kukilipia. Makundi yote mawili yana madaktari wa mifugo na uwezo wa kupeleka sampuli maabara. Mwenye kuku 300 wa mayai nyuma ya nyumba angefikiwa baadaye sana, na pengine kwa faji ya aina nyingine, ile ya Gallinarum, inayookoa kuku wake mwenyewe.

> Mwambie mfugaji anunue dawa ya kumtibu kuku ambaye haumwi, kisha umsikilize atakavyokujibu.

Wanaotikisa kichwa

Miongoni mwa madaktari wa mifugo wapo wasioshawishika, na hoja zao si za kupuuza.

Wanasema kwanza kwamba tunakimbilia tiba ya kisasa wakati kinga za kawaida hazijatumika. Uingereza inatajwa sana katika mjadala huu. Mwaka 1988 naibu waziri wa afya, Edwina Currie, alisema kwamba sehemu kubwa ya mayai ya nchi hiyo ina salmonela. Mauzo yaliporomoka, naye akajiuzulu. Miaka kumi baadaye wazalishaji wakubwa walianza kuchanja kuku wao wa mayai chini ya nembo ya simba, wakaongeza usafi na ufuatiliaji wa mashamba, na wagonjwa wa Enteritidis wakapungua mno. Hakuna faji iliyotumika.

Hali ni hiyohiyo kwa kideri. Kenya ina chanjo ya Avivax inayotengenezwa na taasisi ya serikali, KEVEVAPI. Tanzania ina chanjo ya I-2 ya Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, inayostahimili joto kuliko chanjo nyingi na hutolewa kwa tone la jicho. Kila banda lililochanjwa ni pakiti kadhaa za antibiotiki ambazo hazitanunuliwa kwa kubahatisha. Kinachokwamisha kwa kawaida ni chupa yenye dozi nyingi kuliko kuku wa kaya moja, na jokofu lisilo na umeme.

Hoja yao ya pili ni maabara. Juya halimuulizi mvuvi anataka samaki gani. Mshipi humuuliza. Kumpa kuku faji bila kujua bakteria aliyemshika ni kutupa pesa, na kujua kunahitaji kuku aliyekufa apelekwe akapasuliwe, sampuli ikuzwe, aina itambuliwe. Hiyo ni kazi ya siku kadhaa hata maabara ikiwa karibu. Kuku wa nyama anaishi wiki tano au sita.

Watetezi wa faji wana majibu, mengine yenye nguvu. Wanakubali kwamba bakteria hujenga usugu dhidi ya faji pia, lakini wanaeleza kuwa mara nyingi hulipia gharama: akibadilisha umbo la ngozi yake ili faji isimshike, huweza kupoteza ukali wake. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Yale lililochapishwa mwaka 2016 kwa bakteria mwingine, Pseudomonas, waliokwepa faji walijikuta wamekuwa dhaifu tena mbele ya antibiotiki zilizokuwa zimeshindwa. Wanaongeza kwamba chanjo ya Enteritidis haimsaidii kuku wa nyama aliyebakiza siku tatu kuchinjwa, na kwamba faji zinaweza kukaa kando ya chanjo bila kugombana nayo.

Kuna jambo jingine ambalo pande zote zingefaa kulitamka kwa uangalifu. Katika bara hili salmonela wanaoingia kwenye damu huua watoto wadogo, hasa waliodhoofishwa na malaria au utapiamlo. Lakini aina iliyoenea sana katika vifo hivyo, ST313, wataalamu wengi wanaona kuwa huenda hupita zaidi baina ya watu kuliko kutoka kwa kuku. Kusafisha mabanda kutapunguza maradhi ya chakula. Kuahidi kwamba kutamaliza vifo hivyo vya watoto ni kuuza zaidi ya ulichonacho ghalani.

Dawa, chakula, au kiumbe?

Mtu akifika kesho kwa Kurugenzi ya Dawa za Mifugo ya Kenya, VMD, au kwa mamlaka ya dawa ya Tanzania, TMDA, akiwa na kichupa cha faji, afisa atakayempokea atakuwa na swali halali: hiki nikiandikishe katika daftari gani?

Marekani ilipita mlango wa chakula. Mwaka 2006 mamlaka ya chakula na dawa, FDA, iliruhusu faji dhidi ya listeria zinyunyiziwe kwenye nyama iliyo tayari kuliwa, ya kuku ikiwemo. Kampuni ya Proteon ya Łódź, Poland, ilitengeneza Bafasal, mchanganyiko wa faji dhidi ya salmonela unaotiwa kwenye maji au chakula cha kuku, na kupeleka maombi Ulaya kama kiongezi cha chakula cha mifugo. Kwa upande wa dawa, kanuni mpya ya Umoja wa Ulaya kuhusu dawa za mifugo, iliyoanza kutumika Januari 2022, inazitaja faji kwa jina miongoni mwa tiba mpya.

Mlango unaochaguliwa hubadilisha kila kitu: muda wa kungoja, gharama ya majaribio, maneno yanayoruhusiwa kwenye kifungashio. Na kuna ugumu ambao sheria za dawa hazikuujengea nafasi. Oksitetrasaiklini iliyosajiliwa leo itakuwa ileile baada ya miaka kumi. Mchanganyiko wa faji unatakiwa kubadilishwa bakteria wa mashambani wanapobadilika. Kama kila faji inayoongezwa itadai usajili upya tangu mwanzo, bidhaa itakuwa imepitwa na wakati kabla muhuri haujakauka.

Wakati huohuo agroveti haiwezi kuachwa kama ilivyo. Sheria za nchi zetu tayari zinadai cheti cha daktari wa mifugo kwa antibiotiki nyingi, na kwenye kaunta nyingi cheti hicho hakiombwi. Kichupa cha faji kikiingia kwenye rafu hiyohiyo, kwa muuzaji yuleyule, kitauzwa kwa kuku wenye kideri.

Virusi hivi ni vya nani?

Lipo na suala la umiliki, ambalo litawaka zaidi pindi fedha zitakapoonekana. Faji zilizotolewa kwenye kinyesi cha kuku wa Kenya ni rasilimali ya kibiolojia ya Kenya, nchi iliyoridhia Itifaki ya Nagoya inayodai mgawanyo wa haki wa faida za rasilimali kama hizo. Lakini itifaki hiyo ya mwaka 2010 iliandikwa kwa kufikiria zaidi mimea na sampuli zinazovuka mpaka. Faji siku hizi inaweza kuvuka mpaka ikiwa herufi tu za vinasaba, kwa barua pepe, na ikaundwa upya kwingine.

Upande wa pili, faji zenyewe hazina uchoyo. Bakteria wa Morogoro anaweza kutafutiwa faji Morogoro, na wa Mwanza Mwanza, kwa vifaa ambavyo idara yoyote ya mikrobiolojia ya chuo kikuu inavyo: sahani, chujio, kiatamizi. Shirika la Phages for Global Health la Marekani limekuwa likiendesha mafunzo ya wiki moja mbili kwa wanasayansi wa Afrika Mashariki kuhusu namna hiyohiyo. Hakuna kampuni inayoweza kuhodhi mitaro yote ya dunia.

Inachoweza kuhodhi ni kiwanda. Kutoka sahani ya maabara hadi lita elfu za dawa safi, isiyo na mabaki ya sumu za bakteria waliotumika kuikuzia, iliyokaushwa kuwa unga wa kukaa dukani Garissa bila jokofu, kunahitaji mitambo ambayo kwa sasa katika kanda yetu iko zaidi mikononi mwa watengenezaji wa chanjo. KEVEVAPI na TVLA wanajua kukausha kwa baridi, kufungasha kwa usafi na kusambaza hadi vijijini. Kupewa kazi hiyo kungewafaa, kama hazina za serikali zingekubali kuwalipa kabla soko halijapatikana.

Ruzuku za utafiti huja kwa miaka mitatu au minne na kuondoka. Mkusanyo wa faji hauondoki nazo. Hukaa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, ambayo bili yake ya umeme huja kila mwezi, na unadai mtu wa kuujaribu upya dhidi ya bakteria wapya wanaoletwa kutoka mashambani. Mtu huyo, kwenye bajeti za idara za mifugo za kanda hii, bado hajatengewa mshahara.